Kitambaa Kwenye Tundu la Maji

Umewahi kusikia gari likimeza?

Sisemi kuunguruma, wala kugonga, wala ile milio ambayo kila mwenye gari hujifanya haisikii mpaka siku ya siku. Nasema kumeza. Kwa koo. Gluk... gluk... halafu kimya. Halafu pumzi.

Kama hujawahi, kaa usome.

Naitwa Medard. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, Mwalimu Sixbert wa Kerege, watu wa bara tuliokuja pwani kufuata kazi ya shule ya misheni tukabaki. Nina degree ya mechanical engineering. Upper second. Msinipigie makofi, nilishapigiwa siku ya mahafali na hayajanisaidia kitu. Miaka minne natuma barua za maombi. Wanataka fresh graduate mwenye experience ya miaka mitano. Yaani nilitakiwa nianze kazi nikiwa form five, seriously? Anyway. Ndiyo maana mwaka jana nilikuwa gereji ya Mrisho pale Zinga, nimevaa ovaroli la mtu mwingine, nakwangua gasketi, ile karatasi ya kuziba kati ya vyuma vya injini, kwa wembe.

Mrisho aliishia darasa la saba na anaijua injini kuliko lecturer wangu yeyote. Leo naweza kulisema hilo. Wakati ule nisingelisema hata ungenishikia panga. Yeye aliniita Injinia.

"Injinia, lete spana namba kumi na saba. Hiyo kumi na nne, Injinia. Kwani chuo namba walifundisha mwaka wa ngapi?"

Mafundi wanacheka, wateja wanacheka, na mimi nacheka nao. Taya linauma.

Nyuma ya gereji kuna kaburi. La zamani sana, la mawe ya matumbawe, ukuta wake umeliwa na mizizi. Juu yake umesimikwa mti, na kwenye mti kimefungwa kitambaa cheupe. Kila mwaka Bi Ashatu, yule mama mtu mzima anayetuuzia chai na vitumbua pale gereji, hukibadilisha. Mwaka jana nilimwona kwa macho yangu. Alifukiza ubani kwenye chetezo, akafunga mafundo mawili, kisha akakivuta kile kitambaa kwa nguvu zote, kama mtu anayejaribu kamba. Akasema, taratibu:

"Bibi, tumekushika."

Akageuka akaniona.

"Unacheka nini, mwanangu?"

"Sicheki, bibi. Shikamoo."

"Marahaba."

Nilikuwa nacheka.

Wiki moja baadaye Yusuf alileta Noah yake. Yusuf analima mananasi, anakaa ndani huko, mwendo mrefu wa njia ya vumbi kutoka lami. Silinda hedi, yaani kichwa cha injini, ilikuwa inavuja, maji yamechanganyika na oil, ukifungua kifuniko unakuta uji mweupe kama maziwa. Akanivuta pembeni. Mimi, si Mrisho.

"Injinia, sina mzaha na hii gari. Mina yuko mwezi wa tisa. Mimba ya kwanza unaijua ilivyotuponyoka, usafiri ulikosekana. Safari hii daktari kasema uchungu ukianza tu, njooni. Naomba uniangalizie."

Yusuf ndiye mtu peke yake aliyeniita Injinia bila kunicheka. Alimaanisha. Hilo nalo naomba mlikumbuke, maana mimi silisahau.

Mrisho alikuwa na safari ya Dar kufuata vipuri. Akaniambia, "Leo hedi ni yako. Peke yako. Nataka nione hicho cheti kinafanya kazi gani." Nilifurahi, nisikufiche. Nikaifungua hedi vizuri, nikaiweka pembeni. Chini yake, kwenye bloku la injini, kuna matundu ya maji. Kabla ya kukwangua gasketi ya zamani lazima uyazibe kwa tambara, uchafu usizame. Nikatafuta matambara. Hakuna. Yaliyobaki yalikuwa yameloa oil mpaka yanadondosha.

Nikainua macho.

Kitambaa kile pale, cheupe, kipya, kinapepea. Pamba tupu, hakitoi vinyuzi. Nakumbuka kabisa nilivyojieleza kichwani, kwa Kiingereza kama niko kwenye presentation: clean, lint-free, ideal. Nikachukua wembe, nikakichana kwa mstari ulionyooka. Kipande kirefu kama mkono wa shati la mtoto. Nikakikata vinne. Nikaziba matundu manne.

Nikiwa nakwangua, simu ikalia. Email. Usaili wa tatu, ule ambao mpaka waliniuliza ningependa kuanza lini. *We regret to inform you.* Nikaisoma mara tatu. Sijui niliendelea vipi na kazi. Najua nilivyomaliza: gasketi mpya ikakaa, hedi ikakaa, bolti nikazikaza kwa mpangilio, kuanzia katikati kwenda nje, kama kitabu kinavyotaka. Kazi safi.

Jioni nikanawa mikono. Kwenye sinia la vyuma kulikuwa na vipande vya kitambaa.

Vitatu.

Nikatazama chini ya gari, mifukoni, chini ya meza. Vitatu. Nikahesabu tena kama mtoto wa chekechea.

Nilijua.

Sikuhisi, sikudhani. Nilijua. Na dawa yake niliijua pia: fungua hedi, toa kitambaa, weka gasketi nyingine, mwambie Mrisho ukweli. Nikamsikia Mrisho kabla hata hajarudi: *Injinia kasahau tambara ndani ya injini.* Nikawasikia wote wakicheka. Nikavitupa vile vitatu kwenye pipa, nikawasha gari. Likawaka mara moja, sauti laini.

Nikamkabidhi Yusuf funguo. Akaniombea dua.

Siku ya pili asubuhi akarudi. Linachemsha. Hakufika hata nusu ya njia ya kwao, mshale wa joto ukapanda mpaka kwenye nyekundu.

Basi tukaanza kutafuta ugonjwa, na mimi nikaongoza msafara, mimi niliyeujua. Nikasema ni mfuniko wa rejeta, haushiki presha. Tukaweka mwingine. Likachemsha. Nikasema ni feni, inachelewa kuwaka. Mrisho akaiunga moja kwa moja kwenye betri ikawa inazunguka bila kupumzika. Likachemsha. Themostati, kile kizuizi cha maji mpaka injini ipate moto, akaitoa kabisa akaitupa, "nchi hii na joto hili, ya kazi gani?" Nikasema basi ni hewa imebaki ndani ya mfumo, nikaachia mfuniko wazi, nikapiga resi, mapovu yakatoka, nikatikisa kichwa kama daktari bingwa. Likachemsha. Na kila mara lilipochemsha, Yusuf alisimama pembeni, mikono nyuma, akitazama uso wangu na si gari.

Mrisho akaniita kwenye kivuli cha kontena.

"Matundu ya maji uliyaziba kwa nini?"

"Matambara."

"Uliyatoa yote?"

Ilikuwa nafasi. Alikuwa ameuliza kwa sauti ya chini, bila Injinia, bila utani. Mlango ulikuwa wazi kabisa.

"Yote, bosi."

Akanitazama muda mrefu. "Haya."

Hapo hapo Bi Ashatu akatokea nyuma ya gereji, sinia la vitumbua mkononi.

"Nani kachana kitambaa cha Bibi?"

"Mbuzi hao, mama," Mrisho akasema. "Wanatafuna mpaka mifuko ya saruji."

"Mbuzi hachani kwa mstari."

Hakumtazama Mrisho. Alitazama mikono yangu.

Jioni ile Mrisho akanitupia funguo. "Ijaribu mpaka Kerege, urudi. Chukua dumu la maji. Ikichemsha simama, usiniulie injini. Na usikawie. Yusuf anaisubiri, mkewe kaanza kuumwa mgongo tangu alasiri."

Mgongo. Unaelewa maana ya mgongo kwa mwanamke wa mwezi wa tisa? Mimi nilielewa.

Nikatoka. Jua lilikuwa linazama nyuma ya mikorosho, adhana ya magharibi inaanza kusikika. Kilomita ya kwanza, mshale katikati. Ya pili, katikati. Nikaanza kujidanganya kwamba labda kitambaa kimeyeyuka, kimeungua, kimepita. Pamba ni kitu gani kwani? Kisha mshale ukatikisika. Ukapanda. Ukapanda kama mtu anayepanda ngazi, hatua moja, anapumzika, hatua moja.

Nikaegesha pembeni, mahali pasipo na nyumba. Nikazima.

Injini ilikuwa imezimwa. Feni imezimwa.

Hhh... hhh... hhh...

Nikafikiri ni mvuke. Nikafungua boneti. Hakukuwa na mvuke. Na harufu haikuwa ya kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, iliyochemka, ile harufu tamutamu inayokaba. Ilikuwa ubani. Ubani, na chini yake udongo mbichi, ule wa kisima kikichimbwa.

Nikazungusha mfuniko wa rejeta kwa mkono wa ovaroli, uso nimeugeuzia pembeni nikisubiri maji ya moto yaruke. Hayakuruka. Ilitoka hewa. Ya baridi. Ikanipuliza shingoni.

Nikamimina maji. Rejeta ile na injini yake yote haziwezi kubeba lita kumi, hilo naweza kukupigia hesabu hapa hapa. Dumu langu lilikuwa la lita ishirini.

Gluk... gluk... gluk...

Likaisha nusu. Nikachungulia uvunguni kwa tochi ya simu. Lami kavu. Hakuna tone. Nikamimina tena. Likapungua, likapungua, mpaka nikawa nimelibinua juu chini nagonga makalio yake tone la mwisho litoke.

Kimya.

Kisha, kutoka mle ndani, sauti ndogo, kavu, ya mtu mzima:

"Bado."

Nikabaki nimeinama pale kama mtu anayechungulia chungu. Na kwenye mdomo wa rejeta kikaibuka kitu cheupe. Ncha ya kitambaa.

Nitakwambia ukweli unaoniaibisha. Nilifurahi. Kabla ya hofu, nilifurahi. Nikasema kimepita kwenye hosi, kimetoka chenyewe, hakuna atakayejua. Nikakikamata kwa vidole viwili nikavuta.

Kikaja. Cha baridi, baridi ya kuuma, kwenye injini iliyokuwa imechemka dakika tano nyuma. Nikavuta tena. Urefu wa mkono. Nikavuta. Mikono miwili. Mitatu. Kipande nilichokisahau kilikuwa kama kiganja. Hiki kilikuwa kimeshajikunja miguuni mwangu kama shuka la kitanda, na bado kinakuja.

Halafu kikawa kizito.

Mara ya kwanza uzito wa ndoo. Kisha uzito wa mtu.

Nikakanyaga bampa kwa mguu mmoja nikavuta kwa mikono miwili. Chini, nasema chini ingawa chini ya rejeta kulikuwa na lami tu, nilisikia matone yakidondoka mbali sana, yakirudisha mwangwi, ti... ti... ti...

"Vuta, mwanangu," ikanong'ona. "Nimechoka kushika."

Nikavuta. Sijui kwa nini nilivuta. Sauti haikuwa ya kutisha, ilikuwa ya heshima, ya bibi anayeomba kusaidiwa mzigo. Nikavuta mpaka mabega yakalia. Na kwenye ule mdomo mwembamba wa rejeta, vikiwa vimeng'ang'ania kitambaa, vikatokea vidole.

Viwili. Vimekunjamana kama vya mtu aliyelala ndani ya maji. Kwenye kucha, hina iliyofifia.

"Usiniachie."

Niliachia.

Kitambaa kikanipitia viganjani kama moto, kikakimbia chote kurudi ndani, lile rundo lote lililokuwa miguuni, fiii, kama kamba inayofuata ndoo. Hakupiga kelele. Ningeshukuru kama angepiga kelele. Nikahesabu bila kutaka. Moja. Mbili. Tatu. Nne.

Tano.

Kule chini kabisa, maji yakapiga.

Nikarudisha mfuniko. Nikaukaza. Nikaukaza tena, kwa nguvu zote nilizonazo, mpaka ukalia.

Nilipowasha gari, mshale ulishuka. Ukashuka ukatulia katikati, haukutikisika mpaka Zinga. Kwa mara ya kwanza tangu ifunguliwe, Noah ile ilikuwa nzima.

Yusuf alikuwa amesimama barabarani. "Imepona?"

Viganja vyangu vilikuwa vinawaka. Nikaviweka nyuma.

"Imepona, kaka."

"Ilikuwa nini?"

"Hewa."

Mrisho aliokota dumu kutoka kwenye gari, akalitikisa. "Maji yote haya yameenda wapi, na rejeta imejaa?" Yusuf alishaondoka mbio kumfuata Mina.

Asubuhi nikasikia tangazo la msikiti. Mina, mke wa Yusuf. Mazishi adhuhuri.

Nilikwenda. Ningekosaje kwenda? Mtoto alikuwa mzima, wa kike, amefungwa kwenye kanga ya shangazi yake. Hospitali walisema ni damu, alitokwa na damu nyingi baada ya kujifungua, na mimi sina ubishi na waliojitahidi usiku kucha. Lakini Yusuf alinishika mkono, akanikalisha kwenye mkeka pembeni yake, akanisimulia kama mtu anayetafuta aambiwe ameota.

"Tulipoingia lami tu akaanza kuomba maji. Nikampa chupa. Akamaliza. Nikampa dumu la maji nililobeba kwa ajili ya gari. Injinia, Mina kikombe cha maji alikuwa anakimaliza kwa kubembelezwa. Alikunywa kwa dumu. Namuuliza, umetosheka mke wangu? Anasema bado. Nusu dumu. Bado. Mpaka tunafika, dumu tupu, na midomo yake imepasuka."

Nikakunja viganja.

"Ila nakushukuru," akasema. Machozi yanamtoka, na ananishukuru. "Gari halikuchemsha hata kidogo. Umenipa mtoto. Mungu akulipe."

Nikasema amina.

Soma tena hapo. Nikasema *amina*.

Siku ya nne ndipo nilipomfuata Bi Ashatu, baada ya wateja wa chai kuondoka. Nikamfunulia viganja. Mistari miwili myekundu, ipo mpaka leo ninapoandika. Nikamwambia nilichokichana na nilichokivuta. Hakunitukana. Ningependa anitukane.

"Mimi ndiye niliyemwosha Mina," akasema. "Maji yalikuwa yanazama mwilini kama kwenye mchanga. Nikajua ni yeye. Sikujua amefikaje."

"Nani, bibi?"

"Lile kaburi halina mtu, mwanangu. Lina kitambaa tu. Pale chini palikuwa na kisima. Bibi yetu Mwanahawa alikuwa akiteka maji kuwapa wapagazi waliokuwa wanashuka kutoka bara, bure. Kikajaa matope. Akateremka kukisafisha, wapagazi wameishika shuka yake juu kama kamba. Wakati wanampandisha, mwenye msafara akaita watu waondoke. Wakaachia. Walioachia walikuwa watu aliowanywesha. Wazee wetu walipokuja hawakumpata, wakafukia. Lakini wakaapa kwamba hataachiwa tena. Ndiyo kitambaa. Sisi humshika hapo. Kitambaa kilipo ndipo alipo."

"Kwa hiyo nilipokichana..."

"Ulimhamisha." Akanisogelea. "Kabla hujaachia, uliona nini?"

"Vidole."

"Vingapi?"

"Viwili."

Bi Ashatu akakaa chini palepale kwenye mchanga wenye oil.

"Basi hata kama uliyasikia maji yakipiga, hayupo chini tena," akanong'ona. "Wala hajatoka. Yuko mlangoni. Na ana kiu ya miaka yote hiyo."

Akaniambia kinachotakiwa. Gari liletwe pale kaburini. Injini ifunguliwe, kitambaa kitolewe kwenye tundu la maji, kishonwe kwenye kile kilichobaki mtini, kisha kivutwe. Na mwenye kuvuta ni yule yule aliyeachia. Kwamba baada ya hapo atakwenda wapi, hata yeye Bi Ashatu hajui. Hakuna aliyewahi kumtoa.

Nikakimbia kwa Mrisho. Noah haikuwepo.

"Yusuf kasema hawezi kuitazama," Mrisho akasema. "Kaniachia niiuze. Imeondoka jana."

Jana. Nilikuwa na siku nne za kusema, nikazitumia zote kuogopa kuchekwa. Nikamwambia pale pale, kitambaa, vidole, kila kitu. Alisikiliza huku anafuta spana moja, anaifuta tu.

"Injinia. Gari halichemshi. Nimwambie nini mnunuzi? Kwamba gari lina bibi?" Kisha sauti ikashuka. "Na nilikuuliza. Nilikuuliza, ukasema yote."

Kweli aliniuliza. Lakini Mrisho hakushangaa nilipomwambia. Ameshika mafundi waongo miaka ishirini, aliujua uongo wangu siku ile kwenye kivuli cha kontena, akasema haya. Na dumu tupu alilitikisa yeye. Kwa hiyo tuko wawili.

Noah ile sasa inabeba abiria, Bagamoyo kwenda Dar na kurudi. Rangi ya buluu, kioo cha nyuma kina kibandiko cha nanasi, Yusuf alikibandika mwenyewe na hakuna aliyekibandua. Dereva wake anajigamba nayo: chuma hiki hakijui kuchemsha, feni yenyewe pambo. Nimeacha gereji, nakaa Kerege kwa baba, naiona ikipita. Ikisimama, abiria wanashuka wote kununua maji. Wote. Hata siku ya mvua, wamesimama kwenye mvua, wanakunywa, hawatazamani. Juzi mzee mmoja alimaliza chupa mbili kubwa akiwa wima. Nikamsogelea.

"Shikamoo mzee. Umetosheka?"

Alinitazama kama mtu aliyeamshwa. Midomo imepasuka.

"Bado," akasema. Akapanda akarudi ndani.

Nilipiga hodi kwa Yusuf mara mbili, na mara mbili alinifungulia akiwa amembeba binti yake, akanikaribisha chai, na mimi nikanywa chai. Kaka Yusuf, umeshaelewa sasa kwa nini naandika. Haikuwa hewa. Nisamehe au usinisamehe, hilo ni lako. Lakini ile dua niliyoiitikia amina naomba uirudishe.

Na nyinyi wengine. Mrisho, unamjua uliyemuuzia, na namba yake ya simu unayo. Wewe uliyenunua, acha kujigamba na mshale, geuka uwatazame uliowabeba. Nanyi mnaoisimamisha barabarani kila siku mkakagua tairi na taa, hamjajiuliza kwa nini humo ndani kuna chupa tupu kuliko watu? Sitaki mnionee huruma, wala sitaki kazi ya mtu tena. Bi Ashatu kashatia ubani kwenye chetezo. Spana ninazo, namba kumi na saba iko juu kabisa, na safari hii nimeisoma mara mbili. Kitambaa nitakishika mimi, kwa viganja hivi hivi, na siachii.

Leteni hiyo gari Zinga. Leo, kabla ya magharibi.